Mbegu Alizoniachia Zuwena

Alhamisi, 3 Aprili

Kuanzia Horohoro mpakani hadi mdomo wa mto Pangani hajazaliwa kijana mwenye akili kunizidi mimi, Shaib Hamad, na wanaolijua hilo ni wengi ila wanalificha kwa wivu. Shule niliitoka kidato cha pili, si kwa kushindwa, bali niliwaachia wengine nafasi. Ningekaa mpaka cha nne walimu wangeanza kuniuliza mimi maswali, na wale ni watu wazima wenye familia zao, sikutaka kuwaaibisha.

Daftari hili nalianza leo kwa sababu yule jamaa wa kwenye simu, anayefundisha watu kufanikiwa, kasema wote waliofika mbali huandika kila siku. Basi naandika. Na kwa kuwa wageni watakuja kunisoma nikishakuwa maarufu, nawaeleza mapema. Hapa ni Moa. Naishi kwa Shangazi Mwatum, dada yake baba, aliyeletwa huku na ndoa kutoka Pemba. Mume kaondoka, yeye kabaki na mwani. Ndiye mkubwa wa kikundi cha akina mama wanaolima mwani baharini, na mimi ndiye mwanamume pekee kikundini. Kazi yangu ni kubeba, kuanika na kupendeza.

Jambo la pili. Nimeona stetasi ya Himyar. Himyar tulikaa dawati moja Tanga. Kwao Raskazone, babu zake watu wa Oman, baba yake ana maghala. Yeye kamaliza chuo, kavaa shati jeupe, kasimama mbele ya gari, kaandika: "Saa kumi alfajiri niko kazini. Wewe je?"

Mimi nilikuwa kitandani na jua limeshapanda. Kuanzia kesho nabadilika.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimeamka saa kumi alfajiri. Mvua ilikuwa inanyesha, nikaisikiliza kidogo tu, nikaamshwa na Shangazi kwa kijiti.

Jumatatu, 7 Aprili

Maji mafu. Wageni wangu, maji mafu ni zile siku ambazo bahari haipwi ya kutosha, shamba la mwani halifikiki. Kazi ya kuingia majini hungoja bamvua, maji yanapokimbia mbali mpaka vigingi vinaonekana. Katikati hapo watu wanakaa bandani, wanafunga mbegu kwenye kamba, wanasengenya. Ndivyo bahari ilivyopanga. Himyar kwake kila siku ni bamvua.

Leo nimewasomea. Kitabu nilikiokoa kwa Praxeda, yule mama wa Kibondei anayeuza chai na vitumbua pale njia panda. Alikuwa anakichana kufungia watu vitumbua. Jalada limekwenda, sura ya kwanza imekwenda na mafuta, lakini kilichobaki kinatosha. Kuna mama anaitwa Bi Rukia, mwenye hoteli ya chai karibu na stesheni ya Korogwe, anamtafuta aliyemuua karani wa shamba la mkonge. Polisi wamechoka, yeye hajachoka, maana karani alikufa hajamaliza kulipa chai.

Mimi nasoma, wao wanafunga. Mwanamkasi, yule mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo, anataka kila mwanamume wa kitabuni akamatwe kisha ndiyo uchunguzi uanze. Shangazi anajifanya hasikilizi, lakini nikiruka mstari ananirudisha. Na Zuwena hasemi kitu. Zuwena ni Mdigo, mdogo kuliko wote, aliachwa na mumewe akiwa na mtoto mmoja mgongoni. Anafunga kimya kimya, halafu anatamka neno moja, "Mpishi," anarudi kwenye kamba yake. Kurasa mbili mbele, mpishi kakutwa na ufunguo wa karani. Mwanamkasi kamtazama kama mchawi.

Nikisoma, Himyar anapungua. Sijui nieleze vipi. Asubuhi alikuwa amenijaa kichwani na shati lake jeupe, nilipofika kurasa za mpishi sikukumbuka hata jina lake.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua kutwa. Nimesoma peke yangu mpaka nikaunguza maharage.

Jumapili, 13 Aprili

Bamvua. Tulikuwa majini, mimi nimefunga shuka kiunoni na gunia kichwani, maji ya chumvi yananichuruzikia machoni, likaja gari. Nani kashuka? Himyar.

Ningefurahi angekuwa na majivuno. Angekuwa na majivuno ningemchukia nikapumzika. Lakini alivua viatu, akakunja suruali, akaingia topeni kuwaamkia akina mama shikamoo mmoja mmoja. Kisha akanikumbatia na gunia langu. Akamwambia dereva wake, "Huyu ndiye aliyekuwa akinishinda Kiswahili. Mwalimu akitoka darasani, Shaib anatusimulia hadithi, hakuna anayetaka kengele igonge." Akaniuliza siku hizi nafanya nini.

"Nasimamia uzalishaji," nikasema.

Mwanamkasi akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua.

Himyar akaeleza kuwa baba yake ameingia kwenye biashara ya mwani, na yeye ndiye aliyekabidhiwa kununua. Ni mara ya kwanza baba anamwachia jambo peke yake. Atarudi siku ya Mei Mosi na lori na baba mwenyewe, na kikundi kitakachojaza lori ndicho watakachokifanya chao, msimu kwa msimu. Shangazi akasema huu ni mwezi wa mvua, baba, tutatoa alichojalia Mungu. Mimi nikasema lori litajaa.

Akina mama wote wakanigeukia. Nikasema tena, litajaa.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo akina mama waliniita niwasomee wakati wa kula, nikakataa. Nimewaambia watu waliofanikiwa hawasomi hadithi, wanasoma mambo ya maendeleo. Mwanamkasi kaniuliza kama mimi ni miongoni mwa waliofanikiwa. Nimeondoka pale. Kitabu nimekitia chini ya magunia.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua ya siku nne mfululizo. Mito imefurika, maji baridi yameingia shambani na mwani wa kina kifupi umeanza kuwa mweupe, unakatika ukiushika. Kila masika ni hivi. Ndiyo maana kikundi kina kitalu.

Kitalu nakieleza vizuri maana ni kitu kikubwa. Mbegu ya mwani si punje. Ni vipande vichanga vya mwani wenyewe, vilivyochaguliwa mkono kwa mkono, vikafungwa kwenye kamba na kuninginizwa mkondoni kwenye kina kirefu, ambako maji ya mvua hayafiki, kwa maboya ya madumu. Vinakaa kule msimu wote. Havivunwi, havianikwi, hakuna wa kuvigusa. Mvua ikiisha, vinarudishwa shambani na maisha yanaanza upya. Kikundi kikikosa kitalu hakina cha kupanda, kinakwenda kuomba kwa watu.

Mlinzi wa kitalu ni Zuwena. Anakaa na kasia la mtumbwi wa kikundi nyumbani kwake, hilo kasia ndilo cheo chenyewe. Kabla yake lilikuwa kwa Mwanamkasi, likachukuliwa kwa sababu ya uzito wa mtu na udogo wa mtumbwi.

Nimepima kwa macho tulichoanika. Hakijazi hata nusu ya lori.

Jumamosi, 26 Aprili

Mtoto wa Zuwena ana homa kali. Kaja asubuhi kaniita pembeni, mtoto begani, bodaboda inamngoja. Anampeleka hospitali Tanga. Shangazi alikuwa amekwenda msibani Jasini. Kasema, "Shaib, kitalu nakuachia wewe. Maji yakipwa angalia madumu tu. Usifunge wala usifungue kitu." Kanipa kasia.

Kuna mambo mengi watu wameniachia, lakini kwa kawaida huniachia vyombo vya kuosha.

Jumatatu, 28 Aprili

Jua limetoka. Jua kali la kukausha mwani kwa siku mbili. Himyar kaweka picha ya mapambazuko: "Wengine wanaona mvua. Mimi naona fursa."

Nilikwenda mkondoni kuangalia madumu, kama nilivyoambiwa. Mbegu zilikuwa nzuri. Nene, nyororo, zinacheza majini kama nywele. Nikajisemea nitatoa kamba chache za pembeni. Zinaota tena. Si zinaota? Nikatoa za pembeni. Nikaziangalia ndani ya mtumbwi, zikawa kidogo, aibu hata kuzianika. Nikasema basi nusu, nusu ni haki, kitalu chenyewe kikubwa. Nilipofika nusu nikakumbuka uso wa Himyar nilipomwambia litajaa, alivyoamini papo hapo, kama zamani darasani. Nusu ya iliyobaki ikaingia mtumbwini. Halafu sikujisemea tena kitu, mikono ilikuwa inakwenda yenyewe.

Nimebakiza kamba moja, ili nikiulizwa kama nimemaliza nisiwe mwongo.

Nimezianika kwenye chanja za nyuma na nikachanganya na mwani uliokomaa. Naandika haya nikiwa nimetulia kabisa. Mwandiko mbaya ni kwa sababu ya kasia.

Jumatano, 30 Aprili

Mwanamkasi kashika mwani wa chanja za nyuma, kauzungusha vidoleni. "Mbona mchanga huu?" Nimemwambia ni mvua, umesinyaa. Kanitazama, katazama mwani, kaenda zake. Tumefunga magunia.

Alhamisi, 1 Mei

Lori limejaa. Nimepigwa picha. Sitaki kuandika.

Ijumaa, 2 Mei

Nitaandika, maana sikulala.

Jana ilikuwa sikukuu ya wafanyakazi na nchi nzima imepumzika, ila Himyar. Walifika yeye na baba yake, Mzee Muhanad, mtu mkimya mwenye miwani, anatazama magunia kama daktari. Vijana wa lori wakapakia. Lilipojaa Mzee akampiga mwanawe bega mara moja tu, na Himyar akawa mwekundu mpaka masikioni. Sikujua kama naye huwa anangoja kitu kama kile.

Akatoa simu. Akaniambia nipande juu ya magunia, anipige picha, ataiweka stetasi aandike, "Shaib, bingwa wa mwani." Nikapanda. Shangazi anacheka, akina mama wanapiga vigelegele vya utani, mimi nimeweka mikono kiunoni. Nakiri nilikuwa napendeza.

Zuwena akaja kutoka baharini. Mtoto alikuwa amepona, wamerudi asubuhi ile, na jambo la kwanza alilolifanya ni kwenda kitaluni. Amelowa mpaka kifuani, kashika ndoo tupu.

"Bi Mwatum," akasema, "kitaluni hamna kitu. Madumu yapo, kamba moja ipo, nyingine zote hazipo."

Vigelegele vikakatika. Shangazi akamuuliza alimwachia nani.

"Shaib."

Wote wakanitazama, na mimi niko juu ya magunia. Mzee Muhanad alikuwa anatazama. Himyar alikuwa bado ameinua simu.

Nikasema, "Mimi? Mbona hukuniambia, Zuwena."

Hakubisha. Ningesikia nafuu angebisha. Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka hapo hapo sasa hivi. Kisha akatazama lori, akatazama magunia niliyokanyaga, na nadhani alielewa yote pale pale, kama alivyomwelewa mpishi. Akainama, akachukua ndoo yake.

Shangazi alisema labda mafundo hayakukazwa, mkondo umechukua. Mwanamkasi akasema akili ya Zuwena ilikuwa kwa mtoto. Himyar akamwambia pole sana dada. Lori likaondoka.

Himyar kaniambia picha yangu kwenye stetasi yake imetazamwa na watu wengi.

Jumatatu, 5 Mei

Maji mafu, na hakuna mbegu ya kufunga. Akina mama wamekaa bandani mikono mitupu. Kubwa kuliko yote ni kwamba waliniomba niwasomee. Nimekitoa kitabu chini ya magunia, nikasoma ukurasa mmoja, Bi Rukia anamhoji mke wa karani. Nikasimama mahali ambapo Zuwena hutamka neno lake moja. Nilisimama tu, kwa mazoea. Hakukuwa na mtu wa kulitamka. Alikuwa amekaa mbali na banda, anasuka ukili peke yake. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemsogezea jamvi.

Alhamisi, 8 Mei

Shangazi kamwendea Zuwena kwake na kachukua kasia. Kwa adabu, bila neno baya. Jioni kanikabidhi mimi.

Kasema mwanangu umekuwa mtu mzima, lori umelijaza, kaa nalo wewe. Nimelipokea kwa mikono miwili. Nimelilaza chini ya kitanda, nikalala upande wa ukutani.

Jumamosi, 10 Mei

Zuwena kaondoka. Praxeda ndiye aliyeniambia, huku akinikunjia vitumbua kwenye gazeti la kuhusu mbolea. Kapata kazi za ndani Raskazone, kwa wazazi wa Himyar. Mama yake Himyar alikuwa anatafuta mtu, Himyar akakumbuka yule dada aliyepatwa na mkasa siku ya lori. Kampangia kazi kwa huruma. Mtoto kaachwa kwa bibi yake.

Praxeda kasema, "Heri yake, kapata pazuri." Nimekula vitumbua vyote nikiwa nimesimama, sikusikia ladha.

Jumatano, 14 Mei

Bamvua, maji yamekimbia mbali, vigingi vyote viko wazi na havina kitu. Watoto wanachezea shambani kama uwanja. Shangazi kasimama anatazama kwa muda mrefu, karudi nyumbani, kafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua. Nasoma. Jambo hili nalisema kwa haya: kile nilichokuwa nikikiona uvivu, kukaa na kitabu siku za maji mafu, ndicho kitu pekee nilichofanya msimu huu ambacho hakikumuumiza mtu. Siku zote nilizolala kifudifudi nasoma habari za karani aliyekufa, mbegu zilikuwa salama mkondoni. Siku niliyoamka nikajituma ndiyo niliyowamaliza akina mama.

Nimefuta namba ya yule jamaa wa kufanikiwa. Himyar sijamfuta.

Jumatano, 21 Mei

Himyar kaja, peke yake, bila dereva, ndevu hazijanyolewa.

Magunia yamerudishwa. Kampuni waliyoiuzia imepima, imekuta mwani mwingi ni mchanga, haukukomaa, hauna kitu ndani. Mzee Muhanad hajaongea naye tangu Ijumaa. Anakula naye meza moja, lakini chumvi anamwomba mama yake Himyar. Himyar hakuja kugomba. Kaja kuniuliza mimi, bingwa, kama huenda tulivuna mapema, ili ajue kosa lake la kununua lilikuwa wapi.

Nimemwambia ni mvua.

Akaitikia kwa kichwa. Tukakaa kwenye magunia matupu. Nikamwambia, kumfurahisha tu, kwamba kila siku naziona picha zake za alfajiri, ananitia moyo. Akacheka vibaya. "Zile napiga jioni, Shaib. Jua likizama pale Raskazone hakuna anayejua kama linazama au linachomoza. Alfajiri nakuwa macho kweli, lakini nimelala chali natazama dari." Akasema naye ana watu wake wa kuwatazama, binamu zake wawili wako Muscat, mmoja ana kampuni, mwingine daktari wa moyo, na kila sikukuu mama yake husoma habari zao kwa sauti.

Nilikuwa nimempanga Himyar juu kabisa, kama mtu wa mwisho kwenye ngazi. Kumbe naye kashika miguu ya mtu.

Akina mama wakaniita, ni saa ya kusoma, wamezoea tena. Himyar akauliza kama anaweza kukaa. Nikasoma sura nzima, Bi Rukia kapanda treni ya mizigo kumfuata mke wa karani. Himyar akauliza maswali mawili, Mwanamkasi akamnyamazisha, kisha Himyar akalala juu ya gunia, mdomo wazi, na shati lake jeupe. Hakuna aliyemwamsha mpaka alasiri. Alipoamka alisema hajasikia hadithi kwa raha namna ile tangu kidato cha pili.

Nilitaka kumwambia pale pale. Neno lilifika kwenye meno.

Jumanne, 27 Mei

Nimemwambia Shangazi.

Alikuwa anakuna nazi. Nilitoa kasia chini ya kitanda, nikaliweka mlangoni, nikasema mbegu nilizitoa mimi, nikazianika, zilikwenda na lori, na Zuwena aliniachia mimi kitalu kwa mdomo wake na kasia hili mkononi mwangu. Nilisema haraka ili nisipate nafasi ya kuremba.

Hakuacha kukuna. Alikuna mpaka kifuu kikaanza kulia kwenye chuma. Halafu akasema, "Mie mwani ule niliushika, Shaib. Miaka yote hii mie sijui mwani mchanga? Niliushika nikasema mvua. Lori lilinifurahisha na mie."

Nilitegemea kofi. Kofi lingekuwa na mwisho.

Kaniburuta mpaka bandani nikayasema tena mbele ya wote. Mwanamkasi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno moja tu, "Mpishi," akageuka, mabega yanamtikisika. Nilidhani anacheka. Hakuwa anacheka. Yeye ndiye aliyesema akili ya Zuwena ilikuwa kwa mtoto.

Ijumaa, 30 Mei

Shangazi kapiga simu Wete kwa baba yangu. Watatuletea mbegu kutoka Pemba. Sikupewa simu niongee, na sikuiomba.

Jumatatu, 9 Juni

Mbegu zimefika, kwenye magunia yaliyoloweshwa maji ya chumvi njia nzima. Si nene kama zetu, lakini zina uhai. Mvua imekatika. Tumekaa bandani tunafunga, hata mimi nafunga, vidole vimechanika.

Kitabu kimebakiza sura ya mwisho. Nilipokifungua leo, Mwanamkasi akaweka kiganja juu ya ukurasa. Kasema hatusikii mwisho Zuwena hayupo. Wengine wakasema kweli. Shangazi akaamua: nitakwenda Raskazone mwenyewe, nitamwambia wote wameshajua, nitamwomba radhi, na kitabu nitampa yeye. Asome mwisho yeye kwanza. Akitaka kurudi arudi nacho, asipotaka abaki nacho, kiwe chake.

Ni zawadi ndogo, lakini nimewaona wameacha kamba zao wakiitazama ikifungwa kwenye kanga.

Alhamisi, 12 Juni

Nimerudi kutoka Tanga. Naandika kabla Shangazi hajatoka msikitini, maana ataniuliza.

Nyumba yao ni ile ya zamani yenye baraza pana na miti ya mikungu. Nilibisha hodi geti la nyuma. Zuwena alikuja mwenyewe, kafunga kitambaa, mikono ina sabuni. Nilimwambia yote, nimesema kwa Shangazi, nimesema kwa kikundi, kasia linamngoja, mbegu zimetoka Pemba. Nikasema nisamehe Zuwena, na sikutia utani hata kidogo.

Alinisikiliza huku anajifuta mikono. Akauliza kama mtu anayeuliza bei, "Na Himyar umemwambia?"

Nikasema bado.

"Siku ile ulinikana mbele yake. Hapa mimi nakula kwa kuhurumiwa. Kila asubuhi ananipa pole, kaka wa watu, na magunia yale yamemgombanisha na baba yake, hajui ni kwa nini. Yumo ndani. Namwita, unasema, mimi nafunga nguo zangu tunaondoka wote na gari la saa nane."

Nikasema mwite.

Akaniacha getini na kitabu kwenye kanga. Niliyapanga maneno, yalikuwa mafupi, nilishayasema mara mbili huko nyuma, yalikuwa yananijia yenyewe. Himyar akatoka. Alikuwa amevaa singlendi, kanenepa kidogo usoni kwa kulala vizuri, na aliponiona alifurahi, alifurahi kweli, akamwita mama yake ndani kwamba yule Shaib niliyewahi kukuhadithia, yule mwenye akili, amekuja. Zuwena alikuwa amesimama nyuma yake, ameshavua kile kitambaa cha kazi.

Mvua iliyoua mwani wa kina kifupi sikuileta mimi. Mbegu zimepatikana nyingine. Lori, magunia, picha, yote hayo yanaweza kusahaulika. Kilichoharibika kweli ni kimoja, na kimeharibika leo mchana, jua linawaka, hakuna aliyenisukuma. Himyar aliniuliza nimekuja kwa habari gani, nikamnyooshea ile kanga, nikasema, "Nimekuletea kitabu."